Kabla ya kontena, karatasi za wategemezi

Jumanne iliyopita mke wangu alirudi kutoka mjini na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na pasi ya mtegemezi, yaani kibali cha kukaa nchini chini ya jina langu, ya mjukuu wetu. Miezi 14 tangu tutue Zanzibar, na sasa ndiyo kwanza kijana huyu wa miaka 11 anatambulika kisheria kuwa anaishi hapa, katika nyumba niliyoijenga mimi babu yake huku Wete, Pemba, kwenye kiwanja cha baba yangu.

Usiku huohuo nikapata ujumbe wa dada mmoja aliyeko England: "Kaka, mwakani inshallah tunarudi moja kwa moja. Nina mume, mama yangu mzazi, na mtoto wa marehemu dada yangu. Tuanzie wapi?" Nimeusoma mara tatu. Dada yangu, umeuliza swali ambalo mimi sikuuliza, na kutouliza kumenigharimu.

Mimi niliondoka Pemba mwaka 1987. Nimeendesha mabasi Leicester zaidi ya miaka 30, zamu za alfajiri, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwaka 1996 nikachukua uraia wa Uingereza kwa sababu za kazi na watoto. Sheria yetu ya uraia ya 1995 iko wazi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unamtoka. Kuna watu wananitupia methali ya mkataa kwao mtumwa. Sikukataa kwetu. Kila paundi iliyobaki nimeileta kwetu: msingi, kuta, bati, kisima, vyumba vinne. Nyie mlioko huko mnajua ninachosema, kwa sababu ndicho mnachokifanya na nyie.

Basi fikiria Oktoba 2024, tunashuka uwanja wa Abeid Amani Karume, naelekezwa mstari wa wageni. Viza ya dola 50, siku 90. Bima ya lazima ya wageni, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza mwezi ule, dola 44 kwa mtu mzima. Nililipa bila kusema neno, lakini kifua kiliniuma, na maumivu yale ndiyo yaliyonipoteza. Nilijiambia: mimi ni mwenyeji, mwana wa Wete, karatasi hizi ni za kupigwa mhuri tu. Kazi yote nikamkabidhi wakala niliyeelekezwa na jamaa. Nikamlipa, nikasaini alipoonyesha kidole, nikaenda kusimamia kontena langu. Mafriji mawili, makochi, na baiskeli ya mjukuu iliyofungwa kwa plastiki.

Siku 90 zilipokaribia kwisha, wakala akasema twendeni Mombasa mara moja, tuingie upya. Tukaenda, tukarudi na viza nyingine. Usifanye hivyo ukadhani umetatua jambo. Viza ya matembezi ni ya matembezi. Ukiigeuza kuwa maisha, kila ukirudi utaulizwa zaidi, na haki ni ya anayeuliza.

Sasa nieleze siku yenyewe. Tuliitwa Uhamiaji kuhusu maombi yetu: mimi kibali cha ukaazi daraja C, ambalo wastaafu nao wamo, mke wangu na mjukuu kama wategemezi wangu. Afisa alikuwa kijana mpole, ametuamkia vizuri, ametupa viti. Akafungua faili. Nilikiona kidole chake kikishuka kwenye fomu, kikasimama, kikaenda kwenye pasi ya kusafiria ya mke wangu, kikarudi kwenye fomu. Akatazama juu. "Mama, samahani. Huyu mtoto umemzaa wewe?"

Mke wangu amezaliwa 1961. Mtoto amezaliwa 2014. Wakala alimwandika mjukuu kuwa mtoto wetu wa kumzaa, na chini yake kuna saini yangu.

Mke wangu hakujibu. Alianza kulia pale kwenye kiti, kwa sababu aliyemzaa mtoto yule ni binti yetu, na binti yetu tumemzika Leicester. Mtoto tunaye tangu ana miaka mitano. Tumemlea, tumempeleka skuli na chuo cha Qurani, baba yake ameridhika tangu mwanzo. Lakini mahakama haikuwahi kutuandikia chochote, kwa sababu hakuna aliyetuuliza, na sisi tuliona ni jambo la familia. Afisa alisubiri mama atulie. Kisha akaniambia, "Mzee, hapa pameandikwa jambo ambalo si kweli. Kairekebisheni fomu, mlete hati ya ulezi." Angeweza kufanya zaidi ya hapo. Namwombea kheri mpaka leo.

Hati ya ulezi ya mtoto yule haitoki Wete. Inatoka mahakama ya familia ya Uingereza, na huko ndiko alikorudi mke wangu na mjukuu. Ramadhani ya 2025 nimefuturu na mama mkwe tu, baiskeli imesimama ukumbini na plastiki yake. Miezi saba. Mambo ya wanasheria sitayaeleza, yanachosha. Amri ilipotoka, ikapelekwa kugongwa mhuri Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha ubalozi wetu London pale Stratford Place. Wakaja nayo kwenye mkoba wa mkononi, haikukaa hata dakika moja kwenye begi la ndege.

Kwa hiyo dada yangu, wa kwanza kumshughulikia ni huyo mtoto wa marehemu, kabla yako wewe. Anza sasa hivi ukiwa bado una anwani England. Kumlea ni thawabu, lakini thawabu haina mhuri. Barua ya baba yake haitoshi, na maneno ya ukoo hayatoshi.

Wa pili ni mama yako. Mama mkwe wangu ni Mkenya wa Lamu. Wakenya hawahitaji viza kuingia Tanzania, na hilo nalo lilinilaza usingizi. Kuingia si kukaa. Alipotakiwa uthibitisho kuwa ni mama wa mke wangu, cheti cha kuzaliwa cha mke wangu kina jina la mama la nyumbani, lile analoitwa uani, na pasi ya mama ina jina jingine kabisa. Tumekula kiapo, tumetafuta watu wa umri wake wanaomjua. Majina yetu ndiyo mtihani wetu: huku tuna jina, la baba na la babu, kule wanataka jina la ukoo, na kila karani anachagua analolipenda. Wakusanye nyote, weka pasi na vyeti vyote juu ya meza moja, soma herufi kwa herufi. Herufi moja ya "h" ikizidi, irekebishe huko huko.

Wengi mnaniandikia kwamba mnasubiri hadhi maalumu. Bunge limeshapitisha marekebisho ya sheria ya kututambua wenye asili ya Tanzania, na nalishukuru kwa dhati. Wengine wanapitia kwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kwa kununua nyumba kwenye miradi iliyoidhinishwa nayo. Sawa. Lakini njia yoyote utakayoichagua, iulize kwa kila mtu wa nyumbani kwako mmoja mmoja: huyu anaingia wapi, na kwa karatasi gani?

Halafu pesa, maana ukileta wategemezi utaonyesha utawalisha na nini. Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa huku, lakini haipandi. Tanzania haimo katika nchi zinazoongezewa kila mwaka. Mimi niliondoka na paundi 221.20 kwa wiki. Mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana usukani, Aprili 2025 alipandishiwa hadi 230.25. Mimi nimebaki palepale, na nitabaki hapo nikiwa na miaka 80. Na kama kuna mgonjwa nyumbani anayepata posho ya ulemavu, ulizia kabla ya kukata tiketi, kwa sababu posho nyingi za aina hiyo hukatika ukihama.

Wanaume wenzangu, hapa nasema nanyi. Tunapenda kusimamia matofali na kontena, na karatasi za wake zetu na wajukuu tunamwachia mtu wa mtaani kwa sababu tunaona aibu kuuliza kwetu wenyewe. Kaa chini usome fomu. Soma mstari wa uhusiano mara mbili. Saini ni yako, na siku ya hesabu wakala hapokei simu. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wako, kaifuate mwenyewe. Sheha wetu alinipa siku ileile, na alimjua baba yangu.

Dada yangu, leo usiku fungua droo utazame kama kuna karatasi yoyote ya mahakama yenye jina lako na la mtoto huyo. Kama haipo, kesho tafuta mwanasheria wa mambo ya familia. Ukishaishika mkononi, niandikie tena, hapo tutazungumza habari ya kontena.