Jibu: Tustroki au foostroki kwa boti ya uvuvi?

Salaam kaka. Umeuliza mashine ipi ya farasi 15 haitakuangusha ukivua huko Mafia. Nimetumia zote mbili. Tustroki, yaani mashine ya mipigo miwili, ni nyepesi, haina valvu kama za foostroki, ile ya mipigo minne. Ikigoma unasafisha plagi na kabureta hapohapo botini. Foostroki inakula mafuta kidogo, lakini inataka oili ibadilishwe kila saa 100, bila kuchelewa.

Kwanza angalia petroli. Yangu ilizimika mbele ya kisiwa cha Juani, kumbe filta ina maji, matone kama shanga yamelala chini ya mafuta. Hilo linaua mashine yoyote! Maji ya kupoza yakitoka membamba, badili impela, ile feni ndogo inayosukuma maji hayo, siku hiyohiyo.

Kama fundi wako hana vipuri vya foostroki, chukua tustroki.