Kuvua Texas mwezi wa kumi: Huntsville mpaka Galveston, majibu ya maswali yenu

Tangu niseme mwezi wa kumi ndo mwezi wa kwenda kuvua Texas maswali hayaishi, haya twende.

Niko Dallas, nina wikiendi moja tu na nataka ziwa na bahari. Nianzie Lake Fork?

Kaka Lake Fork iache kwanza. Najua ina jina, samaki aina ya bass wa rekodi ya jimbo, ratili 18.18, alitoka pale 1992, lakini iko mashariki ya Dallas na Galveston, mji wa baharini, iko kusini karibu masaa matano, wikiendi yote utaimaliza kwenye usukani. Wewe shika barabara kuu ya I-45 moja kwa moja, njiani unapita Huntsville State Park (hifadhi ya jimbo), kuna ziwa dogo linaitwa Lake Raven. Jumamosi asubuhi unavua kambale hapo, mchana unateremka Galveston kama masaa mawili, unalala, alfajiri uko baharini. Ila nafasi ya kuingia park book mtandaoni mapema maana wikiendi zinajaa.

Shemeji anakuja kutembea kutoka Dar, leseni yake itakuwaje?

Hapa ndo watu wengi wanatupa hela bure. Ndani ya state park ya Texas ukivua ukiwa ukingoni au kwenye gati huhitaji leseni kabisa, awe mwenyeji awe mgeni, unalipa kiingilio tu. Na Galveston nako kuna Galveston Island State Park, kwa hiyo safari nzima mnaweza kuimaliza bila leseni. Mkitoka nje ya park, au mkipanda boti, hapo mnunue, na muombe ile ya maji yote, baridi na chumvi. Watoto chini ya miaka 17 hawadaiwi.

Nimekulia Tanga, bamvua naijua vizuri. Nitumie hesabu hiyohiyo?

Shikamoo mzee. Hapana, hiyo hesabu huku itakuangusha. Tanga maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, Galveston ni kama nusu mita hivi, na siku nyingine yanajaa mara moja tu kwa siku nzima. Huku mwenye kauli ni upepo. Baridi ikishuka kutoka kaskazini upepo unayasukuma maji ya ghuba yote kuelekea baharini, kalenda inasema yamejaa we unaona tope tupu, na samaki waliokuwa kwenye vijito vya majani wanalazimika kutoka, wanajipanga mdomoni pa kijito kungoja kamba na vidagaa wanaoburutwa na maji. Hapo ndo pa kutupia mshipi. Kwa hiyo asubuhi angalia upepo kwanza halafu ndo saa ya maji.

Naweza kwenda na nyavu yangu ya kutupa? Na nani wa kupika, nani wa kurudisha?

Nyavu ni ya kupata chambo tu (mkizi wadogo, kamba), akiingia samaki wa michezo (wale wa mshipi tu) mrudishe. Yule mwekundu mwenye doa jeusi mkiani, redfish, chukua wa inchi 20 mpaka 28, watatu kwa siku, na mwezi wa kumi wanakuja wakubwa mno kupita kipimo, piga picha uachie kama huna ile tagi inayokuja na leseni. Gayogayo (huku wanamwita flounder) aanzie inchi 15, na kumbuka kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 14 Desemba anafungwa, ndo maana nasisitiza mwezi wa kumi. Hongwe, kambale wa baharini, utampata tu hata usipomtaka, usimshike kwa mkono mtupu, ule mwiba wa mgongoni na wa mapezi ya pembeni unachoma mpaka unaona nyota, tumia koleo.

Nina kisukari, naweza kuingia majini mpaka magotini?

Dada kama una kidonda hata kidogo baki juu ya gati. Maji ya chumvi yenye joto yana bakteria anaitwa Vibrio, na mwenye kisukari au ini bovu anamuumiza haraka sana. Mguu ukivimba na kuuma baada ya kutoka majini, nenda hospitali usiku huohuo na waambie ulikuwa baharini.

Mamba Huntsville wapo kweli?

Wapo. Sio wakali kama wa Rufiji lakini watoto wasikae ukingoni peke yao, na utumbo wa samaki usiwatupie mamba, kuwalisha ni kosa la jinai.