Mwanangu, kuhusu Bosko

Mwanangu,

Umeniuliza kama Bosko atawasahau mkimwacha kwa mjomba wako kule Njoro, maana mwenye nyumba mliyopata Kisumu hataki mbwa. Hatawasahau. Ila umenirudisha kwa Simba, mbwa wetu wa zamani, na wewe unajua kwa nini.

Ulikuwa unaingia kidato cha pili, Januari 2008, tulipotoroka Molo kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Lori lilijaa, utingo akasema mbwa hapandi, watu kwanza. Alisema kweli, mlikuwa na wazee na watoto wachanga mle. Lakini wewe ulikaa nyuma, ukamwona Simba akitukimbilia kwenye vumbi hadi tukaingia lami. Mama yako akakuziba macho kwa leso.

Usichokiona ni siku niliyotoka kambini, pale uwanja wa maonyesho Nakuru, kwenda kuangalia kilichobaki. Mabati yalikuwa yamejikunja juu ya majivu. Simba alikuwa amelala palipokuwa mlango wa jikoni, mbavu nje, sikio moja limechanika, nzi wamelijaa. Hakubweka. Alinijia akitambaa kwa tumbo, akajikojolea, akalaza kichwa juu ya kiatu changu. Jirani tuliyekula naye Krismasi alipita njiani akatazama kando. Nilikaa chini kwenye majivu nikalia, mbwa akinilamba viganja. Siku zote nimewaambia, mbwa hahesabu. Hakutaka kujua tulikuwa wapi.

Najua mumeo atasema mbwa hufuata chakula. Hata Hachiko, yule wa Japani, aliyeendelea kumngoja bwana wake profesa katika stesheni ya Shibuya tangu profesa alipofariki 1925 hadi yeye mwenyewe alipokufa 1935, wapo wanaosema alifuata nyama za wachuuzi. Alipopasuliwa, vijiti vya mishikaki vilikutwa tumboni. Sawa, alikula. Nani asiyekula? Simba je, nani alimlisha kwenye majivu yale? Au labda alizoea mahali tu, kama paka. Hili nimeliwaza miaka mingi na bado nalikataa: angekuwa wa mahali angebaki amelala. Alinijia mimi. Mbwa hahesabu, na hapo ndipo roho inaponiuma, maana asiyehesabu ni rahisi kumdhulumu.

Kwa hiyo usiniulize kama atasahau. Swali ni nyinyi mtakaaje mkijua hajasahau.

Uamuzi ni wako na mumeo, mimi siingilii. Mjomba wako ni mtu mwema, ana shamba, na Bosko atakula vizuri huko. Lakini si kila mwenye nyumba Kisumu anakataa mbwa. Mmeulizia upande wa Mamboleo, kwenye nyumba zenye ua? Haya, nisiseme zaidi. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Angalia kadi kabla hajapanda gari, popote anapokwenda.

Wasalimie watoto.

Baba yako