Fundi, mbona vigae vyangu vimepeperuka na vya jirani vimebaki?

Mwezi huu nimepata maswali mengi sana ya paa na karibu yote yametoka kwa watu wanaoishi karibu na bahari, wote wanatumia vigae vya lami, vile laini vinavyokuja kwenye pakiti vikiwa na punje punje za mawe juu. Nimechukua manne.

Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko kama mita 200 kutoka ufukweni. Tuliezeka vigae vya lami miaka miwili iliyopita, juzi upepo umevuma usiku kucha, asubuhi tumekuta vigae kama arobaini viko uani, vingi vya safu za chini na vya kona. Jirani ana vigae hivyo hivyo, pakiti ileile, na hajapoteza hata kimoja. Aliyetuezekea anasema shida ni vigae, tununue vizito zaidi. Ni kweli? Nimekutumia picha.

Marahaba, na pole sana dada yangu. Ukweli ni kwamba jirani yako ameshalijibu swali lako, kigae kilekile na upepo uleule, sasa kilichobaki ni mkono wa aliyeezeka.

Hizo picha nimezikuza nikaziangalia vizuri. Ile ya tatu, kigae umekigeuza, naona matundu manne ya misumari na mawili yako juu sana, yamepita ule mstari uliochorwa kwa ajili ya msumari kwa kama vidole vitatu, na tundu moja limechanika likawa refu kama yai maana kigae kimejivuta mpaka kikauacha msumari juu ya paa. Halafu angalia ule ukanda wa gundi unaokuja na kigae ili kigandane na mwenzake, bado ni mweusi unang'aa na umejaa mchanga. Gundi iliyowahi kushika haiwi hivyo, ikibanduliwa inatoka na lami na punje za mwenzake, panabaki kovu. Yako haina kovu hata moja, yaani kwa miaka miwili hivyo vigae vilikuwa vimelaliana tu havijagandana.

Watu wengi wanafikiri upepo unalisukuma paa, kumbe sehemu kubwa unalinyonya. Upepo ukipita juu ya paa unavuta kuelekea juu, na unavuta zaidi kwenye kona, kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa, ndio maana vyako vimeanzia huko. Na kwenye kila kigae upepo unatafuta ule mdomo wa chini, ukiunyanyua kidogo tu unaingia, unakikunja, halafu misumari inabaki peke yake kupigana. Msumari unashika nusu ya juu ya kigae, mdomo unashikwa na gundi, kwa hiyo hata ukigonga misumari kumi kama gundi haijashika kigae kitapiga piga hadi kichanike.

Gundi hiyo inaamshwa na jua. Inataka joto la kama nyuzi 21 kwenda juu na siku kadhaa za jua la kweli, na inataka sehemu kavu, safi. Pwani mchanga mwembamba unaruka kutwa nzima, fundi anapanga safu asubuhi, mchana zimeshapata vumbi, anaweka nyingine juu yake bila kufagia. Brashi laini tu ingetosha jamani, nasema hivi kwa uchungu maana nimeona paa nyingi nzuri zimeharibika kwa kukosa kitu kidogo hivyo.

Kitu kingine mwambie akuonyeshe safu ya kuanzia, ile inayolala chini kabisa ukingoni kabla ya kigae cha kwanza kinachoonekana. Inatakiwa iwe na ukanda wa gundi na gundi hiyo ikae karibu kabisa na ukingo, ishike mdomo wa kigae cha kwanza. Mafundi wengi wanachukua kigae cha kawaida wanakigeuza kichwa chini, gundi inaenda kukaa juu mbali na ukingo, basi safu ya kwanza yote inakuwa mdomo wazi. Ikishang'oka hiyo, ya pili inabaki wazi, ya tatu hivyo hivyo, inafunguka kama zipu. Safu ya kuanzia ipite bati la ukingoni kidogo tu, kati ya milimita 6 na 19, ikizidi hapo umeupa upepo pa kushika.

Sasa kuhusu kununua vingine. Ukibadilisha, sitakukataza kuchukua vile vya tabaka mbili zilizobandikwa pamoja, ni vizito na havina zile nafasi zilizokatwa katikati, na mi mwenyewe karibu na bahari nisingeweka vya tabaka moja. Lakini usinunue kwa uzito, nunua kwa daraja la upepo lililoandikwa kwenye pakiti. Tafuta maandishi ASTM D7158, hicho ni kipimo cha viwango cha Marekani, hapo daraja D ni upepo wa kilomita 145 kwa saa, G ni 193 na H ni 241. Kuna kipimo kingine ASTM D3161 ambapo A ni kilomita 97 tu, D 145 na F 177. Ona sasa, mtu anaweza kukuambia vigae hivi vina daraja A ukafikiri ndio bora kuliko vyote kumbe ndio ya chini kabisa. Na usome masharti ya garanti kabla hujalipa, mara nyingi ile garanti ya upepo mkali inataka misumari sita kwa kila kigae na safu ya kuanzia ya kampuni hiyohiyo, ukigonga minne umeshaipoteza.

Misumari sita iwe kwenye mstari, ya pembeni iingie milimita 25 kutoka kila mwisho wa kigae. Kwenye vigae vya tabaka mbili ule mstari ndio sehemu msumari unapozipata tabaka zote mbili kwa pamoja pamoja na kichwa cha kigae cha chini yake, ukipanda juu umeshika tabaka moja tu, ya chini inaweza kuchomoka ikaondoka zake.

Fundi habari. Nyuma ya kila kigae kuna utepe wa plastiki. Fundi wangu anasema lazima aubandue kimoja kimoja ndio gundi ishike, na anataka hela ya ziada kwa kazi hiyo. Nimpe?

Usimpe. Ule utepe umewekwa ili vigae visigandane vikiwa kwenye pakiti, ukishapanga juu ya paa haukutani na ule ukanda wa gundi, unaachwa palepale. Kama ni hela ya ziada, bora iende kwenye kugonga misumari sita badala ya minne.

Mzee wangu, naanza kuezeka wiki mbili zijazo. Fundi anatumia bunduki ya misumari na anakwenda mbio sana, nina wasiwasi. Pia chumvi ya huku inakula chuma vibaya. Ninunue misumari gani, na nikague nini maana mi sijui ujenzi?

Wasiwasi wako ni wa haki kabisa kijana wangu. Bunduki yenyewe haina shida, shida ni presha ya kompresa. Presha ikizidi kichwa cha msumari kinazama kinakata kigae, unaona kishimo na ukingo wake umepasuka, huo msumari hesabu kama haupo. Presha ikiwa ndogo kichwa kinabaki juu, na hiki watu hawakijali lakini ni kibaya vilevile kwa sababu kinainua kigae cha juu yake na gundi haigusi. Msumari ukiingia upande, ukingo mmoja wa kichwa unakata kama wembe. Kichwa kinatakiwa kilale sawasawa na kigae, ukipitisha kiganja hukihisi. Mwambie apige kwanza misumari mitano sita pembeni mkaangalie wote wawili ndio aendelee, na mchana jua likiwa kali vigae vinalainika kwa hiyo presha ileile ya asubuhi inaweza kuzamisha misumari, arekebishe.

Msumari uwe wa kichwa kipana kisichopungua milimita 9.5, na uingie kwenye ubao milimita 19, kama plaiwudi yako ni nyembamba kuliko hapo basi utokeze upande wa pili. Kwa chumvi, chukua iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ile yenye rangi ya kijivu kavu na mikwaruzo mikwaruzo, achana na zile zinazong'aa sana maana zinki yake ni nyembamba. Kama uko karibu na maji kiasi cha kupata rasharasha za mawimbi, weka za stenlesi, inauma mfukoni lakini kichwa cha msumari kikishaliwa na kutu kigae hakina kinachokishika.

Ila kabla hata ya vigae naomba uangalie kilicho chini. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida, nyumba nyingi ziliharibika kwa mvua iliyoingia baada ya paa kufunguka, mpaka kanuni za ujenzi za huko zikaja kubadilishwa. Kigae kinaweza kuondoka, cha muhimu maji yasipate njia. Kwa hiyo plaiwudi ipigwe misumari yenye miviringo shinani, ile haichomoki kirahisi, halafu viungio vyote vya plaiwudi vibandikwe tepu pana ya lami inayojibandika yenyewe, upana kama sentimita 10, ndipo felti, yaani ile karatasi ya lami ya kuzuia maji, ije juu. Ni kazi ya siku moja. Vigae vikiondoka usiku, bado mnalala pakavu.

Na kukagua sio lazima uwe fundi. Safu za kwanza mbili zikishapangwa omba ngazi, panda ukingoni, nyanyua kigae kabla jua halijakigandisha uhesabu misumari sita iko kwenye mstari. Fundi mzuri hachukii, atakushikia ngazi.

Paa langu lina miaka kumi na mbili, halijawahi kuvuja. Jana nimepanda kusafisha gata nikagundua vigae vingine vinanyanyuka kwa kidole bila kuchanika, wala havijang'oka, na vimejipanga kama ngazi kwenda juu. Nifanye nini? Na kofia za mgongoni, vile vigae vinavyofunika mgongo wa paa, zianzie wapi, maana tatu zimetoka.

Umefanya vizuri kugundua mapema. Hicho ulichokiona kimeonekana kwingine pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walikagua paa za zamani wakakuta vigae vilivyoachia gundi vinafuata mpangilio, vikipangwa kwa ngazi vinaachia kwa ngazi, vikipangwa wima vinaachia wima, na kutoka chini huwezi kuona kitu kwa sababu vimelala kama kawaida.

Panda asubuhi paa likiwa halijapata moto sana, pitisha vidole kwenye midomo ya vigae taratibu, kilichoshika kiache, usikilazimishe ukakibandua. Kilichoachia kinyanyue kidogo tu, futa vumbi, weka gundi ya lami ya kuezekea, vidonge vinne kwenye kigae cha tabaka mbili, kila kimoja ukubwa wa sarafu, kisha bonyeza. Usimwage nyingi ukidhani ndio itashika zaidi, gundi ikizidi inalainisha lami ya kigae na kinatoa malengelenge. Anza na kona na kingo maana ndiko upepo unakoanzia.

Ila kama ukinyanyua kigae kinapasuka, au punje zimejaa kwenye gata na unaona weusi wa lami au nyuzi, gundi haitakusaidia, hilo paa limechoka. Na likichoka vua vyote, usikubali kuwekewa vipya juu ya vya zamani, havitalala vizuri na gundi haitashika.

Kofia anzia mwisho ule ambao upepo mkali wa kwenu unaelekea, uje nazo kuelekea unakotoka, hivyo kila mdomo utaupa upepo kisogo. Tumia misumari mirefu zaidi maana hapo unapita tabaka nyingi, na ile ya kofia ya mwisho inayobaki wazi ifunike kwa gundi.