Mionzi wakati wa kutolewa kinyama cha pafu kwa CT, inapunguzika sana

Mkuu nimesoma swali lako. Mama ana kivimbe pafu la kulia, daktari anataka atolewe kinyama cha kupima (biopsi) kwa kuongozwa na CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande, na kaka yako anasema agome maana mwezi uliopita kashapigwa CT nyingine na mionzi itamlundikia. Mimi ni radiografa, chumba cha CT ndio ofisi yangu na hizi biopsi za mapafu tunazifanya, ngoja nikueleze inavyokwenda.

Kwanza asigome. Huku kwetu kivimbe cha pafu kinaweza kuwa TB na kinaweza kuwa saratani, kwenye picha vinafanana mno, wapo waliomeza dawa za TB miezi na miezi kumbe ni saratani inakua. CT ya kawaida ya kifua ina kama milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 5 hadi 7, na mionzi ya asili tu, ile ya ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa dunia ni 2.4 kwa mwaka. Madhara ya dozi kama hiyo, yakitokea, ni ya miaka mingi mbele, kivimbe kipo leo.

Ila hofu yako ina msingi, kwa sababu biopsi sio picha moja. Inapigwa ya kupangia njia, sindano inaingia kidogo, inapigwa tena kuona ncha iko wapi, inasogezwa, inapigwa tena, sasa kila raundi ikipigwa kifua kizima kwa setingi ileile ya uchunguzi wa kawaida, dozi inapanda haraka bila faida yoyote.

Dawa ya kwanza ni urefu wa eneo linalopigwa. Kifua kizima ni kama sentimita 30, lakini ili kuiona sindano na kivimbe sentimita 5 au 6 zinatosha kabisa, yaani hapo tu umebaki na moja ya tano. Ndio maana CT ya mwezi uliopita ni mali, mama aje na CD yake, sio ripoti ya karatasi peke yake, daktari anapanga njia ya sindano kutoka kwenye ile na sisi tunapiga kipande kile tu.

Pili ni nguvu ya mashine. Pafu limejaa hewa, kwenye picha ni jeusi, kivimbe na sindano vinang'aa, kwa hiyo hata picha ikiwa na chengachenga bado unaona unachokitafuta. Ukipunguza mA, yaani mkondo wa umeme wa mashine, kwa nusu, dozi nayo inashuka nusu, ukishusha kV, yaani volti zake, kutoka 120 hadi 100 bila kugusa mA inashuka tena karibu theluthi. Kuna mpaka lakini, kivimbe kikiwa jirani na moyo au mishipa mikubwa tunapandisha kidogo, maana kinyama kikikosekana mama atarudi mezani kuanza upya na hapo umeokoa nini?

Kitu ambacho watu hawakitilii maanani ni pumzi. Pafu linapanda na kushuka, hasa sehemu ya chini, sasa mgonjwa akivuta nyingi mara hii na kidogo mara ijayo kivimbe kinahama, sindano haikioni, tunapiga tena na tena. Mimi kabla ya kuanza nakaa na mgonjwa tunafanya mazoezi, vuta kidogo, bana, achia, kiasi kilekile kila mara, kwa Kiswahili cha kawaida na kama ni bibi hasikii vizuri namshika mkono namuonyesha. Mwambie mama aanze hata nyumbani, na kama anakohoa sana amwambie daktari mapema. Nakuhakikishia hili linapunguza mionzi kuliko mashine ya bei mbaya.

Kuna pia sindano mbili zinazoingia moja ndani ya nyingine, ya nje ikishafika inabaki palepale na daktari anachukua vipande kadhaa kupitia hiyohiyo, hakuna kutafuta njia upya. Akiwepo mtu wa patholojia wa kuangalia sampuli hapohapo ni bora zaidi, akisema imetosha tunaishia hapo. Baadaye kuangalia kama hewa imevuja nje ya pafu, kwa kawaida eksirei ya kifua inatosha, dozi yake ni ndogo mno ukilinganisha na CT.

Kwa wenzangu wa kazi mnaosoma, kama mashine yenu ina ile ya kukanyaga pedali na kuona sindano laivu, kanyageni kwa vipande vifupi sio mfululizo, mkono usiingie kwenye mwali wa eksirei, tumieni kishikio cha sindano, aproni na kola ya shingo ni lazima, na miwani pia maana kikomo cha lenzi ya jicho sasa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Anayeweza kutoka chumbani picha inapopigwa atoke. Na beji za kupima mionzi vaeni jamani, TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) hawawezi kusoma dozi yako kwenye beji iliyokaa kwenye droo.

Mkuu, muulize daktari vitu viwili. Kivimbe kinagusa ukuta wa kifua? Kama ndio, pengine kinyama kinaweza kutolewa kwa ultrasaundi na hapo mionzi ni sifuri. Na je, watapiga eneo dogo kwa dozi ya chini? Ukipata ripoti andika hapa kivimbe kina ukubwa gani na kiko upande wa juu au chini wa pafu, ila jina la mama lifute.