Dripu imeisha, usingizi hauji

SWALI: Mama yetu mdogo anatibiwa saratani ya titi. Kila akirudi Tukuyu kutoka kwenye dripu ya dawa za saratani Mbeya, siku mbili tatu halali, analia tu. Tumwambie ajikaze?

JIBU: Hapana, mtamfundisha kulia kwa kujificha. Kwanza muulizeni daktari kama anapewa deksamethasoni ya kuzuia kutapika. Dawa hiyo hufukuza usingizi, hasa ikimezwa jioni. Huenda daktari akamhamishia dozi asubuhi. Mchana atembee dakika 10, aongeze taratibu, maana uchovu wa dawa hauishi kwa kulala kutwa. Huzuni ikizidi wiki mbili, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Huko ataje tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni zinazolisha saratani ya titi, kama anaimeza, kwani fluoksetini, dawa ya sonona, huweza kuipunguzia nguvu. Akitamka kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.