Tairi za mbele za Massey 165 lenye kijiko

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Massey Ferguson 165 la marehemu baba, linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Nimelifungia kijiko cha mbele cha kupakia samadi na mchanga. Tairi za mbele ni 6.00-16 (upana inchi 6, rimu ya inchi 16), plai 6 (kipimo cha nguvu ya tairi). Upepo upo, lakini nikibeba mchanga zinabonyea sana, na moja imetoa kivimbe ubavuni. Muuza tairi hapa Mafinga ananishauri nifunge 7.50-16 za Canter, jirani ananikataza. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hiyo yenye kivimbe itoe leo. Kivimbe ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Ikipasuka wakati kijiko kimejaa na kiko juu, trekta linaweza kulala ubavu nawe ukiwa juu yake.

Matrekta ya 165 yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975, na kwa kazi ya jembe tairi ndogo ya mbele ilitosha. Kijiko kinabadilisha hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 2. Ukibeba kilo 500 za mchanga mita moja na nusu mbele ya ekseli, tairi za mbele haziongezewi kilo 500, zinaongezewa 875, kwa sababu za nyuma zimepunguziwa 375. Hapo chuma cha kijiko chenyewe hatujakigusa.

Kwa hiyo nenda 7.50-16, plai 8 au zaidi. Saizi hiyo haitalisumbua trekta hili la 165. Ila soma kwanza namba iliyogongwa kwenye rimu: 7.50 hukaa vizuri kwenye rimu ya upana wa inchi 5.5, na yako ya 6.00 huenda ni nyembamba zaidi. Kama ni nyembamba, tafuta rimu pamoja na tairi, na tyubu mpya ya saizi hiyo. Usirudishe tyubu ya zamani.

Sasa ugomvi wako na jirani. Tairi ya trekta ya mbele ina mistari mitatu iliyoinuka, na ule wa katikati ndio unaochana udongo trekta likate kona. Tairi ya Canter haina mstari huo. Kwenye shamba lililolimwa utazungusha usukani na trekta litaendelea kwenda mbele, hasa kwenye utelezi. Jirani hapo yuko sahihi. Lakini kwenye uwanja mgumu wa zizi na kwenye changarawe, tairi ya Canter ina mwili imara na inagusa ardhi kwa uso mpana. Kama trekta lako halilimi tena, linapakia tu, mimi ningeifunga bila wasiwasi. Kama bado linalima, nunua ya mistari mitatu. Na ukifunga ya Canter usiijaze upepo wa barabarani; rimu ya trekta haikutengenezwa kwa upepo huo.

Zipo pia tairi pana kama 11L-15. Zinabeba vizuri, lakini zinataka rimu zake, na kama usukani wako hauna msaada wa haidroliki mikono itakuuma. Usizianze.

Jambo ambalo hukuliuliza ndilo linalonitia hofu zaidi: nyuma umefunga nini? Wengi hujaza maji kwenye tairi za nyuma. Yanasaidia trekta lisiinuke nyuma, ila hayapunguzi hata kilo moja mbele, kwa sababu uzito wake unakaa palepale kwenye ekseli. Uzito unaopunguza mzigo wa mbele ni ule unaoning'inia nyuma ya ekseli, kwenye mikono ya haidroliki. Pipa la lita 200 lililojaa zege lina karibu kilo 480. Likining'inia mita moja nyuma ya ekseli, linaondoa kilo 240 kwenye tairi za mbele. Lisuke nondo za kulifungia kabla ya kumwaga zege.

Kabla ya kutoa tairi, inua ekseli, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au bushi za kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) zimelika, na tairi mpya zitaisha upande mmoja. Tengeneza hizo kwanza, hata kama itabidi tairi zisubiri mauzo ya maziwa ya mwezi ujao. Wakati huo, ukiwa umefunga tairi nzima mahali pa ile yenye kivimbe, beba nusu kijiko, ukitembea nacho chini karibu na ardhi.